Moshi wa Meli Waenda Wapi?

Alasiri moja ya kusi tulikuwa kivukoni Likoni, tumesimama katika umati wa watu wanaorejea makwao, feri ikachelewa kung'oa ili kuipisha meli ya makasha iliyokuwa ikiingia Kilindini. Meli ile ilikuwa ndefu hata ikatuziba ng'ambo yote. Kutoka katika dohani yake ulipanda moshi mwembamba wa kijivu, ukapinda, ukaelekea mjini. Mtoto wa miaka saba hivi, aliyekuwa ameshika pindo la buibui la nyanya yake, akauliza, "Bibi, moshi ule waenda wapi?" Bibi akatazama juu, akajibu kwa upole, "Waenda na upepo, mwanangu." Waliokuwa karibu wakatabasamu, feri ikang'oa, na mazungumzo yakaishia pale.

Sisi hatukuweza kuliacha swali lile. Tumeishi na meli tangu utotoni. Riziki ya nyumba nyingi za Pwani hutoka bandarini, na hakuna jiko lisilokuwa na kitu kilichopita Kilindini, uwe mchele, ngano, mafuta ya kupikia au tende za Ramadhani. Lakini ni nadra kwetu kuuliza kinachotoka juu ya meli, kwa kuwa macho yetu yote huwa katika kile kinachoshushwa kutoka tumboni mwake.

Moshi unaoonekana ni masizi na chembechembe, na hiyo ndiyo sehemu ndogo. Sehemu kubwa haionekani wala hainuki, na ndani yake mna kaboni dioksaidi, ambayo wengi twaiita hewa ya ukaa. Tani moja ya mafuta mazito ya meli ikichomwa hutoa takriban tani 3.1 za hewa hiyo. Msomaji asidhani kwamba tumekosea hesabu. Kaboni iliyomo ndani ya mafuta huungana na oksijeni ya angani, na uzito wa oksijeni ndio unaozidisha. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Baharini, lijulikanalo kwa kifupi kama IMO, lilikadiria katika utafiti wake wa 2020 kwamba meli za dunia hutoa karibu asilimia 2.9 ya gesi zinazotokana na shughuli za binadamu na kuongeza joto. Asilimia hiyo yaweza kuonekana ndogo. Basi na tuipime kwa kipimo cha nyumbani.

Katika kijiji cha Gazi, kaunti ya Kwale, wanakijiji wamekuwa wakilinda msitu wao wa mikoko na kuuza hifadhi yake ya kaboni tangu 2013 kupitia mradi wa Mikoko Pamoja. Fedha zake zimewaletea maji na kuzisaidia shule. Msitu ule huhesabiwa takriban tani 3,000 za hewa ya ukaa kwa mwaka. Meli kubwa inayochoma tani 100 za mafuta kwa siku huzitoa tani hizo 3,000 katika muda usiotimia siku kumi. Jasho la mwaka mzima la kijiji kizima, na meli moja haijafika hata nusu ya safari yake ya kutoka Mashariki ya Mbali hadi Ulaya.

Wala hewa hiyo haipotei. Nyingine hubaki angani ikihifadhi joto, nyingine humezwa na bahari na kuyafanya maji yazidi uchachu. Wavuvi wetu wakongwe wangali wanausimulia mwaka 1998, matumbawe yalipopauka na kufa kutoka kusini hadi kaskazini mwa pwani kwa sababu ya joto la maji.

Ndiyo maana siku hizi wahandisi wanalijibu swali la yule mtoto kwa jibu jingine: moshi usiende popote. Unaswe mle mle ndani ya dohani, hewa ya ukaa itenganishwe, ihifadhiwe melini, ishushwe bandarini kama shehena nyingine, kisha itengenezwe mafuta mapya.

Mama anayefukiza nguo zake kwa udi hahitaji kufundishwa msingi wa kazi hii. Nguo hutandazwa juu ya chetezo, moshi ukapita, na kitambaa kikashika manukato na kuyaacha mengine yaende zake. Katika meli, moshi wa injini hupozwa na kuoshwa, kisha hupitishwa katika mnara ambamo hunyunyiziwa kimiminika cha jamii ya kemikali ziitwazo amini. (Jina hilo halina uhusiano wowote na imani wala na ile amin tuitikiayo dua, limetokana na amonia.) Kimiminika hicho huishika hewa ya ukaa na kuiacha naitrojeni ipite. Baadaye hupelekwa katika mnara wa pili, kikapashwa moto hadi kufikia nyuzi 120 hivi, kikaiachilia hewa ile ikiwa safi, nacho kikarudi kushika nyingine. Hewa iliyopatikana hushindiliwa na kupozwa hadi iwe maji, ikatiwa katika matangi yenye baridi kali.

Jambo hili limekwisha kujaribiwa. Mnamo 2021 kampuni za Kijapani zilifunga mtambo mdogo wa aina hiyo katika meli iitwayo Corona Utility, na hewa waliyoipata ilikuwa na usafi wa zaidi ya asilimia 99.9. Tulipoisoma habari hiyo tulicheka kidogo, maana meli yenyewe kazi yake ni kubeba makaa ya mawe ya kituo cha umeme. Mapema 2025, meli ya gesi ya Kinorwe, Clipper Eris, ilitoka Singapore ikiwa imefungwa mtambo mkubwa uliokusudiwa kunasa hadi asilimia 70 ya hewa ya ukaa ya injini yake. Mwaka huo huo, karibu na Shanghai, meli ya makasha Ever Top iliikabidhi meli nyingine hewa yake ya ukaa iliyogeuzwa kuwa maji, zikiwa zimefungwa ubavu kwa ubavu, kama jahazi lipakuavyo shehena yake katika mashua.

Jaribio lililotuvutia zaidi lakini ni la chokaa. Kampuni changa ya Uingereza iitwayo Seabound iliweka makasha ya punje za chokaa isiyozimwa katika meli Sounion Trader, na matokeo yalitangazwa mapema 2024: moshi uliopitishwa katika punje zile ulipoteza takriban asilimia 80 ya hewa ya ukaa na asilimia 90 ya salfa.

Chokaa! Wazee wa Lamu, Siyu na Mombasa wangelitambua jambo hili mara moja. Mawe ya matumbawe hupangwa juu ya magogo, tanuu likawashwa, na jiwe likageuka chokaa. Kinachotoka ndani ya jiwe kwa joto lile ni hewa ya ukaa. Katika kila kilo 100 za jiwe safi, kilo 44 huondoka na hewa. Kisha chokaa huzimwa kwa maji, ikapigwa, ikapakwa ukutani, na siku baada ya siku huivuta hewa ya ukaa kutoka angani na kurejea kuwa jiwe. Kuta za nyumba kongwe zilizosimama mitaani mwetu kwa karne nyingi zilikuwa zikinasa hewa ya ukaa kimya kimya, na hata ile chokaa kidogo inayopakwa katika tambuu ni ya ukoo huo huo. Seabound imefanya tu kwa haraka, na kwa moto wa moshi, kile ambacho ukuta hukifanya kwa subira.

Lakini mwenye kulijua tanuu ataona tatizo papo hapo. Ili kuipata chokaa, hewa ya ukaa imekwisha kutoka kwanza! Tukichoma jiwe huku na kuacha hewa yake itoroke, kisha tukainasa kiasi kile kile baharini, tumezunguka tukarudi tulipoanzia. Njia hii yafaa pale tu ambapo hewa inayotoka tanuuni nayo inanaswa na kuhifadhiwa, na tanuu lenyewe halichochewi kwa mafuta.

Turudi kwenye amini, tuone mzigo wake. Chukua ile meli ya tani 100 kwa siku, ikae safarini siku 20. Imeondoka na tani 2,000 za mafuta. Katika safari hiyo itatoa tani 6,200 hivi za hewa ya ukaa, na ikinasa asilimia 70, itafika bandarini ikiwa na karibu tani 4,360 za mzigo ambao hakuna aliyeuagiza. Maana yake, taka inayorejea ni zaidi ya mara mbili ya mafuta yaliyoondoka. Matangi yake huchukua nafasi ya makasha ya biashara. Joto la kuitenganisha hewa, na umeme wa kuishindilia, navyo hutoka katika mafuta yale yale, kwa hiyo meli huchoma zaidi ili ichafue kidogo. Na bandari nyingi duniani hazina bomba, tangi wala mashua ya kupokea shehena hiyo.

Tuseme imepokewa. Je, ifanyiwe nini?

Hewa ya ukaa ina soko lake, tena la zamani. Mapovu ya soda ni hewa hiyo, na hapa Kenya huchimbwa ardhini huko Kereita, kaunti ya Kiambu. Uholanzi huwapelekea wakulima wa nyumba za vioo, na Naivasha shamba moja la maua lilipata kuitumia hewa itokayo katika kisima cha mvuke ili mawaridi yanenepe. Hata hivyo, soda ikifunguliwa hewa hutoka, na waridi likinyauka hewa hutoka. Hiyo ni kuikopesha tu. Ile ya Ever Top ilisafirishwa hadi Inner Mongolia, ikachanganywa na mabaki ya viwanda vya chuma ili iwe unga wa chokaa ya mawe. Huko angalau imefungwa ndani ya jiwe.

Matumaini makubwa yamewekwa katika methanoli. Hiki ni kimiminika kisicho na rangi, kinachowaka vizuri, na injini zake ziko tayari. Feri ya Stena Germanica imekuwa ikiitumia tangu 2015, na mnamo Septemba 2023 Laura Maersk ilizinduliwa Copenhagen ikiwa meli ya kwanza ya makasha duniani kuweza kuichoma. Namna ya kuitengeneza yaandikika katika mstari mmoja: tani 44 za hewa ya ukaa zikiunganishwa na tani 6 za haidrojeni hutoa tani 32 za methanoli na tani 18 za maji. Wala si ndoto. Kule Iceland, pahali paitwapo Svartsengi, kiwanda kilichopewa jina la mwanakemia George Olah, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya 1994, kilianza kazi 2012 kwa kutumia hewa ya ukaa ya kituo cha umeme wa mvuke. Mwezi Mei 2025 Denmark ilifungua kiwanda kikubwa zaidi huko Kassø, chenye uwezo wa tani 42,000 kwa mwaka, ingawa hewa yake hutoka katika gesi ya samadi na si katika meli.

Ugumu umo katika zile tani sita. Haidrojeni safi hupatikana kwa kuyapasua maji kwa umeme, nao umeme huo ukitoka katika mafuta au makaa, kazi yote imeharibika. Ile shehena yetu ya tani 4,360 itahitaji karibu tani 600 za haidrojeni. Kituo cha umeme wa mvuke cha megawati 50 hakina budi kufanya kazi usiku na mchana kwa muda wa siku 26, bila kumwashia mtu yeyote taa, ili kuipata. Kitakachopatikana ni tani 3,170 hivi za methanoli, na kwa kuwa methanoli ina nguvu nusu tu ya mafuta mazito kwa kila tani, meli ile itaweza kurejea robo tatu ya safari yake na kitu kidogo juu. Hayo ni kabla ya kuhesabu kinachopotea njiani.

Hapa ndipo jambo lenyewe linapotugusa Wakenya. Nchi yetu ina mvuke wa Olkaria, na sehemu kubwa ya umeme wetu hutoka ardhini. Septemba 2023, wakati wa mkutano wa tabianchi wa Afrika uliofanyika Nairobi, serikali ilizindua mkakati wa haidrojeni safi, na jambo la mbele katika mkakati huo ni mbolea, ambayo leo twaiagiza kutoka nje na bei yake huiona kila mama anunuapo unga. Watakuja wenye meli watuambie kwamba haidrojeni yetu ingewafaa zaidi wao, na huenda watalipa vizuri. Rai yetu ni kwamba shamba litangulie. Meli haifi njaa.

Kuna swali jingine ambalo wauzaji wa mitambo hii hawalipendi. Kaboni iliyotoka katika mafuta ya ardhini, ikanaswa melini, ikafanywa methanoli, kisha ikachomwa katika meli nyingine, mwisho wake iko angani. Imetumika mara mbili badala ya mara moja, na hilo ni jema, lakini haikuzuiliwa. Nafuu ya kweli huja pale inaponaswa tena, na tena, ikawa kaboni ile ile yazunguka kati ya meli na kiwanda kama ndoo kati ya kisima na mtungi. Mradi wa Ulaya ulioitwa HyMethShip, ulioongozwa kutoka Graz, Austria, tangu 2018, ulilifikiria jambo hilo kwa utaratibu mzuri: meli iondoke na methanoli, iigawanye baharini iwe haidrojeni na hewa ya ukaa, injini ichome haidrojeni peke yake, na hewa ya ukaa irejeshwe bandarini katika matangi yale yale ili ifanywe methanoli upya. Ulibaki katika maabara. Kwa maoni yetu, hata hivyo, ndio uliolielewa swali.

Wazazi wenye vijana katika vyuo vya ubaharia wana sababu yao ya kuyafuatilia haya. Hewa ya ukaa haina harufu, ni nzito kuliko hewa ya kawaida, na ikivuja katika chumba kilichofungwa hutuama chini na kumwua mtu kabla hajatambua. Methanoli nayo ni ndugu wa kileo kwa ukoo lakini ni sumu. Nchi hii imekwisha kuzika watu, na kuwaongoza kwa mkono waliopofuka, kwa sababu ya pombe haramu iliyotiwa methanoli. Moto wake mchana hauonekani vizuri. Baharia wa kesho atahitaji kufundishwa haya kabla ya kupanda ngazi ya meli, na ni halali kwa mzazi kukiuliza chuo kama yamo katika mafunzo.

Na nani atalipa? Mwaka 2023 nchi wanachama wa IMO zilikubaliana kwamba meli zifikie kutochafua anga kabisa ifikapo 2050 au karibu na hapo. Azimio la kuzitoza ada meli zinazochafua kupita kiasi, na kutia fedha hizo katika mfuko ambao ungezifaa pia nchi maskini, lilifika London Oktoba 2025. Kwa kura 57 dhidi ya 49 likaahirishwa kwa mwaka mmoja. Umoja wa Ulaya haukungoja. Tangu 2024 umekuwa ukizitoza meli zinazotia nanga katika bandari zake, kwanza kwa asilimia 40 ya hewa iliyohesabiwa, kisha 70, na hewa ya 2026 kwa ukamilifu. Kwa safari ya kutoka Ulaya hadi bandari ya nje, kama Mombasa, huhesabiwa nusu ya njia. Hewa iliyozikwa chini ya ardhi, au iliyofungwa daima ndani ya vifaa vya ujenzi, husamehewa. Methanoli haimo katika msamaha huo, kwa kuwa hewa yake itatoka tena itakapochomwa. Ukuta umeishinda injini mbele ya sheria, nasi hatukushangaa.

Ada hiyo haiishii kwa mwenye meli. Mwagizaji mmoja wa vipuri hapa mjini alituonyesha ankara ya kasha lake kutoka Ulaya. Chini ya nauli palikuwa na mstari mdogo wa ada ya kaboni, ambao aliudhania kosa la karani hata akaandika barua kutaka ufutwe. Tulipomweleza unakotoka, alinyamaza kidogo, akaikunja karatasi yake, akauliza iwapo feri ya Likoni nayo itaanza kutozwa. Tulimwambia kwamba waendao kwa miguu wangali wanavuka bure.